Diski Isiyoogopa Maji

Mjukuu wangu Narindra aliposema atanunua diski mpya, mtaa mzima ulijua kuliko yeye siku inayofaa kuinunua. Mama muuza vitumbua wa pale kona alimwambia asubiri mwisho wa mwezi, bei zitashuka. Mume wake, aliyekuwa amekaa palepale akiota moto wa jiko, akasema anunue leo leo, bei zitapanda. Wakaanza kubishana wao kwa wao, na Narindra akaondoka na vitumbua vyake bila hata kuagwa.

Mimi sikumshauri, maana sijui diski. Nilijua tu kwamba fedha alikuwa nazo tayari, na kwamba kila akipita dukani aliitazama na kurudi mikono mitupu. Nikawa najiuliza anangoja nini.

Narindra ni mpiga picha wa video. Harusi, ubatizo, watu wanapohamia nyumba mpya, yeye huitwa. Picha za namna hiyo ni nzito, hazikai kwenye simu, hivyo hutafutiwa diski ya kubebeka. Hizi za sasa hazina kitu kinachozunguka ndani yake. Ukiishika ikifanya kazi husikii chochote, na ukubwa wake ni kama kipande cha sabuni kilichokwisha tumika kidogo.

Kabla sijaendelea lazima nimseme mume wangu, Baba Lova. Ujana wake aliunda na kupaka rangi pusipusi, vile vigari vya kuvutwa kwa mkono vilivyojaa hapa mjini Antsirabe, nyanda za juu za Madagaska. Sasa miguu imekataa kazi. Lakini katika ukoo wetu yeye ndiye mkubwa aliyebaki, kwa hiyo maji ya baraka ni yake. Mtoto anayekwenda kufanya mtihani hupita kwetu. Mtu akinunua baiskeli, huileta. Baba Lova huchukua sahani nyeupe, hutia maji, hudondosha ndani sarafu ya fedha ya zamani, husema maneno yake, halafu huyarusha yale maji kwa mkono.

Wazee wengine hunyunyiza kwa ncha za vidole. Mume wangu humwagilia. Alipobariki cherehani ya binti wa dada yangu, tulikausha sakafu kwa magunia. Kuna jirani alileta jogoo wa kupiganisha. Jogoo alipopata baraka yake alikimbia, akaonekana jioni juu ya paa la kanisa.

Lakini miaka hii wanaopita kwetu wamepungua. Vijana hupanda gari kwenda mji mkuu na kupiga simu wakishafika. Baba Lova halalamiki. Ila huiosha sahani yake kila Jumamosi, hata ile wiki ambayo haikuguswa.

Mwaka jana Narindra aliponunua diski yake ya kwanza, ile ya aina ya zamani yenye kisahani kinachozunguka ndani, aliileta mbele ya babu yake na kuiweka mezani kwa heshima zote. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila mtu kuja. Baba Lova alifurahi mno, na furaha yake yote akaitia mkononi. Alipomaliza, diski ilikuwa mezani kama kisiwa.

Narindra aliinama akashukuru. Kisha akaja jikoni, akaizika diski ndani ya debe la mchele akidhani simwoni. Mchele huvuta unyevu, hilo hata mimi nalijua. Diski ikafanya kazi wiki chache, ikaanza kulia tik, tik, tik, halafu ikanyamaza kabisa na harusi nzima ya watu ikiwa ndani.

"Diski yako vipi?" babu yake alimuuliza siku moja tukila.

"Imezeeka, Babu."

"Mapema hivyo?"

"Vitu vya siku hizi, Babu. Ndivyo vinavyotengenezwa."

Baba Lova akatikisa kichwa, akawalaumu wenye viwanda. Kisha akasema kwa upole, "Usihuzunike. Ukipata nyingine, tutaibariki kwa nguvu zaidi."

Narindra alinitazama. Nami nikamtazama. Tukaendelea kula.

Kwa upande wa maharusi wale, Narindra aliwazungukia wageni wao nyumba kwa nyumba, akiomba vipande walivyopiga kwa simu zao, akaviunga vyote ikapatikana filamu, na hakuchukua malipo. Bibi harusi mwenyewe aliniambia kwamba shangazi zake wanaonekana vizuri zaidi katika filamu ile kuliko walivyo. Hata hivyo jina lilikuwa limeshatoka. Watu walisema Narindra anapoteza harusi. Kazi zikawa chache, na hizo chache alizihifadhi kwenye vikadi vidogo vya kamera, akifuta cha jana ili apate pa kuweka cha leo.

Mwaka huu, Agosti, kanisa letu lilikuwa linatimiza miaka mia. Kwaya za wilaya nzima zingekuja kuimba Jumamosi na Jumapili za mwisho wa mwezi, na kila kwaya ilitaka filamu yake. Kwa mpiga picha, kazi kama hiyo hulipa kodi ya mwaka na kulisafisha jina. Katibu wa kamati alikuwa Madamu Lalao, mwalimu mkuu mstaafu, mwanamke ambaye hata akikusalimu unaona kama umeulizwa swali. Baada ya ibada ya Jumapili alimsimamisha Narindra mlangoni, mimi nikiwa pembeni.

"Mwanangu, kazi yako ninaijua. Na habari ya ile harusi nimeisikia."

"Ndiyo, Madamu."

"Sitaki kuuliza. Nataka diski mpya niione kwa macho yangu, ichomekwe kwenye kompyuta yangu, ifunguke. Ukija nayo kesho, kazi ni yako kesho. Usipokuja, kamati inakaa Ijumaa saa sita, na wapo vijana wawili wa mji mkuu wanaoitaka."

"Nimeelewa, Madamu."

"Fikiria vizuri." Akampapasa bega, akaenda.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilipomwona Narindra anavaa koti, nilichukua kikapu changu nikamfuata. Nilisema ninakwenda kununua sufu ya kufumia, na kweli nilikuwa naihitaji.

Duka ni la Faly, kijana wa mtaani kwetu, nyuma ya soko. Anauza simu, waya na vifaa vya namna hiyo, na hajawahi kumwuzia mtu kitu bila kumtania.

"Dada Narindra! Leo unanunua, au umekuja kuitazama tena? Diski yenyewe imeshakuzoea. Ukipita barabarani inataka kukupungia."

"Leo ninanunua."

"Bibi, umesikia? Wewe ni shahidi." Akaitoa diski kwenye kabati la kioo, akaiweka mbele yetu kwenye kitambaa. "Hii hapa. Ina kasi, nyepesi, hata ikianguka haijali. Itabeba kwaya zote, pamoja na zile zinazoimba vibaya."

Narindra aliigeuza mkononi. "Na maji?"

"Maji gani?"

"Ikimwagikiwa maji."

"Kidogo au mengi?"

Narindra akafikiri. "Mengi."

Faly akaegemeza viwiko kwenye kabati. "Dada, kwani siku hizi unapiga picha samaki?"

"Hapana. Nina babu."

Faly aliacha kuegemea kabati. Akanitazama. Nilimwona akikumbuka. Alipofungua duka hili alikuja kwetu na mama yake, wakiwa wamebeba mashine mpya ya kuchapia risiti ndani ya shuka, ili Baba Lova aibariki.

"Mashine yangu," alisema polepole. "Ilikufa wiki ileile. Na mimi nikamgombeza aliyeniuzia." Kisha akashtuka. "Samahani, Bibi."

"Endelea tu, mwanangu," nikamwambia. "Anayekausha meza ni mimi."

Akacheka mpaka akafuta macho. Halafu akawa mtu mwingine, akaacha mzaha, akatueleza. Hii aliyotuonyesha ni nzuri, lakini maji haiyawezi. Ipo nyingine iliyovishwa mpira mwili mzima, na hiyo haiogopi. Akatoa ya kwake mwenyewe mfukoni, imekwaruzika pande zote, akaiweka kwenye beseni, akaimiminia maji yaliyochemshwa na ukoko wa wali aliyokuwa anakunywa asubuhi hiyo. Akaitingisha, akaikausha, akaichomeka. Ikafunguka.

"Ila mdomo wake," akasema, akituonyesha tundu la waya. "Hapa lazima pakauke kabisa kabla hujachomeka. Ukichomeka pakiwa na tone, umeua mwenyewe, usimsingizie mzee."

"Ninaitaka hii," Narindra akasema.

"Ya kwangu ni ndogo na imejaa. Mpya inakuja na gari la mji mkuu. Alhamisi."

Narindra na mimi tukatazamana. Katika nyumba ya Baba Lova, Alhamisi haingii kitu kipya. Ni mwiko wa mababu zake. Hata kiberiti nikikinunua Alhamisi, hulala kwa jirani, na chombo cha kazi hakianzi kutumika kabla hakijabarikiwa.

Faly alikuwa anaujua mwiko wetu. "Kwa hiyo itaingia kwenu Ijumaa, na kamati ni Ijumaa. Dada, nisikilize. Chukua hii ya leo. Mpelekee Madamu Lalao sasa hivi, kazi uipate. Mzee mwambie hujanunua."

"Anaishi na mimi, Faly. Anasikia mpaka paka akipiga chafya."

"Basi akubariki wewe peke yako. Wewe huna tundu la waya."

"Ataniuliza chombo kiko wapi."

"Kiko kazini!"

"Halafu atajiuliza kwa nini ninakificha. Babu si mtoto. Atarudi nyuma na mawazo mpaka aifikie ile ya mwaka jana."

Faly akashusha sauti. "Kwa hiyo utaiweka kazi ya jubilei rehani kwa ajili ya sahani ya maji."

Narindra alikikunja kile kitambaa juu ya diski kama anamfunika mtoto, akakisukuma kwake. "Niwekee ya Alhamisi," akasema.

Tulirudi kwa miguu, jua likiwa limetoka lakini halijapata nguvu, watu wote wakiwa na mablanketi mabegani. Nilimwacha atembee kidogo kabla ya kusema.

"Naweza kumwambia mimi. Taratibu."

"Utamwambia nini, Bibi?"

"Kwamba maji na vyombo hivi havipatani. Basi."

"Na yeye atasema, 'Kumbe.' Halafu hatasema kitu tena." Narindra alisimama, akanitengenezea shali langu lililokuwa linateleza. "Unamjua, Bibi. Hatanimwagia maji tena mimi, wala Faly, wala yeyote. Atasema mkono wake umekuwa wa kuharibu. Ataitia sahani kabatini, na huo utakuwa mwisho."

Alikuwa amesema kweli. Niliingiza mkono wangu kwenye mfuko wa koti lake, wake ukiwa humo, tukaenda hivyo mpaka nyumbani.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Jumanne Baba Lova aliuliza diski iko wapi. Jumatano akauliza tena, akaitoa sarafu sandukuni akaisugua kwa majivu. Narindra alimjibu kila mara kwa sauti ileile ya upole, "Ijumaa, Babu." Nikimtazama nilimwona jinsi anavyokula wali wake akiusukuma tu, maana Madamu Lalao alikuwa amempa njia nyepesi naye ameikataa.

Alhamisi mchana gari lilifika. Haya niliyasikia kwa mama yake Faly, si kwa Faly. Wale vijana wawili wa mji mkuu walikuwa wamekuja mapema kulitazama kanisa. Wakapita dukani, wakaiona diski ya mpira, wakaitaka. Faly akawaambia imeshauzwa. Wakaongeza bei. Akawaambia imeshauzwa. Wakaongeza tena. Basi akaiondoa kabatini, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akafunga vifungo, na jioni akaenda nayo kwao. Mama yake anasema alikula chakula na koti mwilini.

Ijumaa asubuhi alifika mwenyewe kwa baiskeli, pua imekuwa nyekundu kwa baridi.

"Duka umemwachia nani?" nikamuuliza.

"Nimefunga, Bibi. Diski nimeuza nyingi. Kuiona moja ikibarikiwa, hii ni ya kwanza."

Baba Lova alikuwa amevaa kofia yake na ile shuka nyeupe ya siku kubwa. Aliichukua diski akaiweka katika kiganja, akaipima uzito.

"Hii tu? Ile ya mwaka jana ilikuwa na mwili."

"Ndiyo ya kisasa, Babu."

"Na itabeba kwaya zote?"

"Na nafasi itabaki."

"Katoto kadogo, mzigo mkubwa. Basi inahitaji msaada." Akaniita. "Mama Lova, ongeza maji."

Nikaongeza. Ningefanyaje?

Mume wangu hawezi kubariki bila hotuba. Kwanza huomba radhi kwamba anasema mbele ya wenye akili. Kisha huomba radhi kwa waliotangulia, kwamba yeye aliye mdogo wao amebaki kushika nafasi yao. Huwataja. Siku hiyo aliwataja wote, hata mjomba mmoja ambaye nilidhani wameshakosana. Narindra alikuwa amepiga magoti, kichwa chini, na mimi niliona jicho lake moja likienda kwenye saa ya ukutani na kurudi. Hakumharakisha. Hakukohoa. Baba Lova alipofika kwenye jina la mama yake, akakwama kidogo kama kawaida yake, na Narindra akamtajia taratibu, naye akaendelea.

Kisha maji. Ya kwanza yalimwangukia Narindra kichwani. Ya pili, diski. Faly alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni, lakini ya tatu yakamfuata hukohuko.

"Usiifute," Baba Lova akamwambia Narindra alipoinua ncha ya shali. "Baraka haifutwi, mjukuu wangu. Hukauka yenyewe."

"Ndiyo, Babu."

Saa sita ilikuwa imekaribia. Tulipanda pusipusi, yeye na mimi, miguu ya mvutaji ikipiga lami mbele yetu. Tulipokata kona nikamwambia, "Ifute sasa. Hakuoni."

"Lakini ameniomba, Bibi." Akaifungua mikono yote miwili, diski ikiwa katikati, ili upepo uipitie. Njia nzima alikaa hivyo, kama mtu aliyebeba kifaranga. Ila upepo wa Agosti ni baridi, na baridi haikaushi upesi.

Kamati ilikuwa imekaa katika chumba cha nyuma ya kanisa. Wale vijana wawili walikuwa wamekaa na masanduku yao ya kamera, wenye adabu, wakasimama nilipoingia na mmoja akanipa kiti chake. Madamu Lalao alikuwa na kompyuta mezani.

"Umekuja," akasema.

"Nimekuja, Madamu." Narindra akaiweka diski mezani.

"Chomeka tuone."

Narindra aliinua diski akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mimi pia niliona. Ndani ya tundu la waya palikuwa na tone, linang'aa.

"Naomba isubiri kidogo, Madamu."

"Isubiri nini?"

"Imelowa kidogo."

Mzee mmoja wa kamati akamtazama mwenzake, na nilijua wanafikiri juu ya harusi. Madamu Lalao akavua miwani.

"Imelowa. Katikati ya kiangazi. Mbingu kavu tangu Mei. Imelowaje, mwanangu?"

Narindra angeweza kusema ameiangusha kwenye beseni. Angeweza kuichomeka vilevile na kuomba Mungu. Alisimama wima, nywele zake bado zikiwa zimemshika kichwani kwa maji, akasema, "Babu yangu ameibariki."

"Babu yako ni Baba Lova."

"Ndiyo, Madamu."

Madamu Lalao aliweka miwani mezani. "Alinibariki mimi nilipopewa shule," alisema, kama anajisemea. "Nilikwenda kuripoti kazini nadondoka maji. Mlinzi akaniuliza kama nimevuka mto." Kisha akamgeukia Narindra. "Na ile ya harusi?"

Nilishika kikapu changu kwa nguvu. Neno moja tu hapo, na jina lake lingekuwa safi mbele ya wote.

"Ile ilizeeka, Madamu," Narindra akasema.

"Ilizeeka."

"Ndiyo."

Madamu Lalao akanitazama mimi. Nami nikazitazama nyuzi za shali langu. Hakuuliza tena. Aliinuka akafungua dirisha upande wa jua, akaiweka diski kwenye kizingiti, akamwambia mtu wa jikoni alete kahawa. "Tutangoja," akasema. "Kanisa limengoja miaka mia."

Tukakaa tunakunywa kahawa, watu wazima wote tukiitazama diski kama chungu kilicho motoni. Hapo ndipo kijana mmoja wa mji mkuu, yule aliyenipa kiti, jina lake Mahery, alipofungua sanduku lake akatoa kile kipira wanachobinya kupulizia vumbi kwenye lenzi.

"Dada, tumia hiki," akamwambia Narindra. "Ni hewa tu. Si kufuta."

Mwenzake alimkanyaga mguu chini ya meza. Niliona. Mahery akausogeza mguu wake na kuendelea kunyoosha mkono.

Narindra akapuliza, akapuliza, akageuza kwenye mwanga, akapuliza tena. Kisha akachomeka. Taa ndogo ikawaka. Diski ikafunguka kwenye kompyuta, tupu na nyeupe, ikisubiri kwaya.

"Sawa," akasema Madamu Lalao. Akawageukia vijana. "Na diski zenu ninyi, zikipata maji kama haya?"

Mahery akacheka. "Zitakufa, Mama."

"Jumamosi ya jubilei watakuwepo wazee wa makanisa yote ya wilaya, na kila mmoja na sahani yake. Mimi nimewaalika, na siwezi kuwaambia wanyunyize kwa adabu. Nataka mpiga picha aliyekwisha jiandaa." Akavaa miwani yake. "Kazi ni ya Narindra."

Narindra alishukuru. Halafu akasema kwaya ni nyingi na yeye ana macho mawili tu, kwa hiyo anaomba kaka mwenye kipira awe kamera ya pili, kama atakubali. Mahery akakubali kabla hajamaliza. Yule mwenzake akaomba kahawa nyingine.

Jumamosi ya jubilei uwanja wa kanisa ulijaa mpaka kwenye ngazi. Faly alileta mifuko ya plastiki ya dukani kwake, bure, na wapiga picha wakavivisha vyombo vyao vyote, kamera, vipaza sauti na nyaya. Baada ya kwaya ya tatu wazee waliitwa mbele. Baba Lova alikwenda akiegemea mkono wangu. Alipewa sahani kama wenzake, na wakaanza kupita kati ya watu.

Tulipofika kwa Narindra alisimama. Akaitazama kamera iliyofungwa plastiki, akaitazama mbingu, bluu tupu, hata wingu la dawa hakuna.

"Mjukuu wangu, kwani mvua inakuja?"

"Inakuja, Babu," Narindra akasema. "Ninaiona."

Baba Lova aliitazama tena ile plastiki, na maji yaliyo katika sahani yake. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwaka juzi, mpaka nikamshikia kofia. Alichokielewa sikijui, na sikumuuliza. Alizamisha mkono ndani ya sahani mpaka kwenye kifundo, akaniambia nirudi nyuma kidogo, na Narindra akainama chini ya plastiki yake, jicho kwenye kamera, akaendelea kurekodi.